Asilimia 66 walilikataa jeshi, asilimia 53 walilikubali: namna ya kusoma tafiti za maoni zinazolinganisha nchi

Tangu wanajeshi watwae madaraka Mali (2020 na tena 2021), Guinea (2021), Burkina Faso (mara mbili ndani ya 2022), kisha Niger na Gabon (2023), mabishano kuhusu siasa za Afrika hayachelewi kufika kwenye takwimu. Mmoja anasema Waafrika wameichoka demokrasia, zaidi ya nusu wako tayari jeshi lichukue nchi. Mwenzake anamjibu kwamba theluthi mbili wanaukataa utawala wa kijeshi. Wanabishana mpaka chai inapoa, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo, kumbe wote wawili wananukuu ripoti ileile.

Takwimu hizo ni za Afrobarometer, mtandao wa utafiti unaouliza maoni ya wananchi barani Afrika, awamu ya tisa, iliyofanyika katika nchi 39 kati ya 2021 na 2023. Asilimia 66 ya waliohojiwa hawakuafiki jeshi lije kutawala nchi. Asilimia 53 walisema ni halali jeshi kuchukua serikali endapo viongozi waliochaguliwa wanayatumia madaraka vibaya kwa manufaa yao. Hakuna aliyekosea hesabu. Yaliulizwa maswali mawili, yakapata majibu mawili. Tatizo ni kwamba takwimu ikishatoka kwenye ripoti husafiri peke yake, swali lake limebaki nyumbani.

Tafiti hizi ni zipi

Tuanze na maneno. Maoni ni kile mtu anachokifikiria leo: bei ya sukari, utendaji wa mbunge wake mwaka huu. Hubadilika upesi. Mtazamo hukaa zaidi: je, nchi iwe na chama kimoja au vyama vingi? Tunu ziko chini kabisa, na mtu huzibeba tangu utotoni: mtoto afundishwe utii kwanza au kujitegemea? Dini ina uzito gani maishani? Utafiti mmoja unaweza kuuliza vyote vitatu, lakini usitegemee vyote vibadilike kwa mwendo mmoja. Ukiona tunu za taifa zima "zimegeuka" ndani ya miaka miwili, shuku kipimo kabla hujashangaa.

Afrobarometer ilianza mwaka 1999 katika nchi 12, na makao yake yako Accra, Ghana. Kila nchi ina mshirika wake: Tanzania ni taasisi ya utafiti ya REPOA, Kenya ni taasisi ya masomo ya maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kongwe kuliko hiyo ni World Values Survey (utafiti wa tunu duniani), iliyoanza 1981 na kukuzwa na Ronald Inglehart wa Chuo Kikuu cha Michigan. Hiyo hurudi kila baada ya miaka mitano hivi na ndiyo inayoshughulika hasa na tunu. Ulaya wana Eurobarometer tangu 1974, Amerika ya Kusini wana Latinobarómetro tangu 1995.

Maneno mengine ni ya kazini. Dodoso (Kenya husema hojaji) ni orodha ya maswali. Mhoji ndiye anayeuliza, mhojiwa ndiye anayejibu. Sampuli ni watu wachache waliochaguliwa kuwakilisha wote. Kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja.

Watu 2,400 wanapatikanaje

Malalamiko ya kwanza ni yale yale kila mwaka: "Mbona mimi sijawahi kuulizwa?" Hesabu inajibu. Tanzania ina watu wazima milioni 30 hivi, na Afrobarometer huhoji 2,400. Hiyo ni nafasi moja katika 12,500. Hata zikipita awamu kumi, kila moja ikiwa na watu wapya, nafasi yako ni moja katika 1,250. Ungeshangaa zaidi kama ungekuwa umeshaulizwa mara mbili.

Kinachofanya sampuli iaminike ni njia ya kuwapata watu, na hapa ndipo penye kazi. Kwanza nchi hugawanywa kwa mikoa, kisha mjini na vijijini, ili kila sehemu ipate mgao wake kulingana na idadi ya watu. Ndani ya mafungu hayo huchaguliwa kwa bahati nasibu maeneo ya kuhesabia watu, yale yale yaliyochorwa kwa ajili ya sensa. Eneo lenye watu wengi lina nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Kila eneo huhojiwa watu 8, kwa hiyo sampuli ya 1,200 inahitaji maeneo 150, na ya 2,400 inahitaji maeneo 300.

Timu ya msimamizi mmoja na wahoji wanne ikifika kwenye eneo haianzii kwa mwenyekiti wa kijiji, wala dukani, wala kwenye nyumba yenye kivuli. Huanzia mahali palipochaguliwa kwa bahati nasibu kwenye ramani. Kutoka hapo kila mhoji anashika uelekeo wake na kuhesabu nyumba kwa nafasi aliyopangiwa, tuseme kila ya kumi, na hana ruhusa ya kuruka yenye mbwa mkali. Akishaipata kaya, bado hajampata mtu. Kama mahojiano yaliyopita yalikuwa na mwanamume, sasa ni zamu ya mwanamke. Wanawake wote wa kaya hiyo wenye umri wa miaka 18 na zaidi huorodheshwa, waliotoka kwenda shambani wakiwemo, na mmoja huchaguliwa kwa kuvuta kadi au kwa kishikwambi (tableti) chenyewe.

Aliyechaguliwa asipokuwepo, mhoji hurudi baadaye. Akikosekana tena, au akikataa, mhoji hubadili kaya nzima. Hamchukui dada yake aliyekaa barazani. Sheria hii huonekana ya ukaidi, hasa jua linapokuwa kali na mahojiano yenyewe yanachukua karibu saa nzima. Lakini waliokaa barazani saa nne asubuhi hawafanani na walioko kazini. Ukiwachukua wanaopatikana kirahisi tu, utapata nchi ya wazee, wagonjwa na wasio na ajira, halafu utaandika kwamba taifa zima linalalamikia huduma za afya. Uchakachuaji mwingi wa data hufanyika hapa, pale mhoji aliyechoka anapochukua njia ya mkato. Ndiyo maana wasimamizi hurudi kwenye baadhi ya kaya kuhakiki, na vishikwambi hurekodi muda na mahali.

Kuna nyongeza moja inayowachanganya wasomaji wa ripoti za Tanzania. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati yao 1,889,773 wako Zanzibar, yaani 3 hivi katika kila 100. Sampuli ya 2,400 ikifuata mgao huo bila kupinda, Zanzibar itapata watu 73. Kwa watu 73 huwezi kusema lolote la maana kuhusu Unguja na Pemba. Dawa yake ni kuhoji Wazanzibari wengi kuliko mgao, tuseme 300, ili wapate sauti yao, kisha kila mmoja wao kuhesabiwa kama robo ya mtu wakati wa kutoa wastani wa taifa. Asiyejua hilo akifungua faili la data na kujumlisha tu, anapata Tanzania yenye Wazanzibari mara nne ya walivyo.

Gunia na bambo

Je, watu 1,200 wanatosha kusemea mamilioni? Mnunuzi wa mahindi hafungui gunia na kukagua punje moja moja. Anachoma bambo (kichuma chenye mfereji cha kutolea nafaka guniani), anatoa konzi moja, anaangalia unyevu na wadudu, anapanga bei. Ukubwa wa ghala haumsumbui sana. Magunia yawe 50 au 5,000, kiasi anachohitaji kuchomoa hakiongezeki kwa uwiano huo. Kinachomsumbua ni muuzaji mjanja aliyeweka mahindi mazuri juu na mabovu chini. Kwa hiyo anachoma magunia mbalimbali, juu, kati na chini, bila kumruhusu muuzaji amwonyeshe pa kuchoma.

Maoni ya watu yanafuata kanuni hiyo hiyo. Sampuli ya watu 1,200 iliyochaguliwa vizuri ina ukingo wa makosa wa pointi 3 juu au chini. Ya 2,400 ina pointi 2. Maana yake, ukirudia utafiti huo mara 100 kwa njia ile ile, mara 95 hivi jibu litaangukia ndani ya ukingo huo. Idadi ya watu wa nchi karibu haina uzito hapa: 1,200 wa Lesotho na 1,200 wa nchi yenye watu milioni 100 wana ukingo ule ule. Ukitaka kuupunguza kwa nusu, lazima sampuli iwe mara nne, na bajeti nayo. Hiyo ndiyo sababu watafiti husimama kwenye 1,200 au 2,400 badala ya kuendelea.

Kuhusu kura za mtandaoni ambazo watu 50,000 wamebofya, kuna funzo la Marekani la mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma kadi kwa watu milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Mtafiti wa maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo kuliko hiyo kwa mbali, alimtaja mshindi sahihi. Jarida lilikuwa limechukua majina kutoka orodha za wenye simu na magari, wakati wa ufukara mkubwa, na waliojitokeza kujibu walikuwa wenye hamu ya kujibu. Bambo lilichomwa juu ya gunia tu.

Ukingo wa makosa, hata hivyo, unahesabu bahati nasibu peke yake. Hauhesabu swali bovu, tafsiri mbaya wala mhojiwa mwenye hofu. Ripoti inaweza kuandika "pointi 2 juu au chini" na ikawa imekosea kwa pointi 20.

Swali likivuka mpaka wa lugha

Kulinganisha nchi ni kulinganisha majibu ya swali moja lililoulizwa kwa lugha nyingi. Ndani ya nchi moja, swali bovu linakuwa bovu kwa wote. Kati ya nchi na nchi, linaweza kuwa zuri huku na bovu kule, na tofauti hiyo ikachapishwa kama tofauti ya utamaduni.

Chukua swali maarufu kuliko yote ya World Values Survey: kwa ujumla, unaweza kusema watu walio wengi wanaaminika, au inabidi uwe mwangalifu sana unaposhughulika na watu? Norway na Denmark, zaidi ya watu 70 katika 100 husema wanaaminika. Zimbabwe hawafiki 5. Tanzania, ilipohojiwa 2001, haikufika 10. Sasa liweke swali hilo kwa Kiswahili cha haraka: "Je, watu wengi wanaaminika?" Kiswahili chetu kinatumia "wengi" kwa mambo mawili, walio zaidi ya nusu na walio kadhaa tu. Mtu anaweza kuitikia ndiyo kwa sababu anawajua waaminifu ishirini, wala hajasema zaidi ya nusu ya wanadamu ni waaminifu. "Watu walio wengi" inasaidia kidogo. "Zaidi ya nusu ya watu" inasaidia zaidi, ingawa inageuza swali la moyoni kuwa la hesabu.

Hata tafsiri ikiwa safi, "watu" ni akina nani? Uchunguzi wa data za World Values Survey uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba katika baadhi ya nchi, China ikiwa mfano mkubwa, anayeulizwa kuhusu watu huwafikiria zaidi ndugu na majirani, na kwingineko huwafikiria hata wageni asiowajua. China ilikuwa juu sana kwenye jedwali la kuaminiana, ikashuka mara ukubwa wa duara la "watu" hao ulipopimwa. Siku hizi huulizwa pia kwa vipande: familia yako, majirani, mtu unayekutana naye mara ya kwanza. Ukikuta jedwali linalotumia swali la jumla pekee, lichukulie kwa tahadhari.

"Siasa" nalo ni neno la mtego. Miaka ya Azimio la Arusha lilibeba maana ya sera na mwelekeo. Ndiyo maana iliwezekana kusema "Siasa ni Kilimo". Leo mtu akiambiwa "acha siasa" anaambiwa aache maneno matupu. Ukimuuliza mama wa Singida anapendezwa kiasi gani na siasa, atajibu hata kidogo, wakati hakosi mkutano wa kijiji na anajua kisima kilikwama kwa nani. Afrobarometer imewahi kuuliza badala yake kuhusu mambo ya umma, na lilikuwa chaguo la busara.

Demokrasia ndiyo yenye historia ndefu zaidi. Mtafiti aliyefanya kazi Buganda miaka ya 1990 alikuta neno lililotumika kwa Kiganda ni *eddembe ery'obuntu*, ambalo liko karibu zaidi na uhuru wa utu kuliko upigaji kura. Senegal, neno la Kiwolofu *demokaraasi*, lililotoka Kifaransa, lilikuwa limepanuka hadi kumaanisha kutopendelea, kama mzazi asiyebagua watoto wake. Afrobarometer imeshughulika na hili kwa kuwaelekeza wahoji walitaje neno lenyewe kama lilivyo na kulitafsiri pale tu mhojiwa asipolielewa. Huuliza pia aina za utawala bila kulitaja kabisa neno hilo: unaafiki au huafiki chama kimoja pekee kiruhusiwe? Jeshi lije kutawala? Uchaguzi na bunge vifutwe ili rais aamue kila kitu? Maswali haya yana nguvu kwa sababu kila mtu anajua bunge ni nini.

Hata majina ya vyeo hayahami salama. Swali kuhusu kumwamini diwani linaeleweka Tanzania. Kenya, tangu 2013, mwenye nafasi ya karibu na hiyo ni mwakilishi wadi, ambaye anatunga sheria za kaunti yenye bajeti yake. Kiswahili ni kimoja, kazi si ile ile, na jedwali litawaweka kwenye safu moja.

Kinga ya kawaida ni tafsiri rejeshi: mmoja anatafsiri dodoso kwenda Kiswahili, mwingine asiyeliona la kwanza analirudisha Kiingereza, kisha wanalinganisha. Hunasa makosa makubwa. Hainasi la "watu wengi", kwa sababu mtafsiri mzuri anakisia kilichokusudiwa na kukirudisha sawasawa. Linalolinasa ni jaribio la nyanjani: muulize mtu, kisha muulize ulikuwa unamfikiria nani ulipojibu.

Ukitaka kuona tafsiri ikiharibika wazi, rudi kwenye jeshi. World Values Survey ilipouliza Vietnam mwaka 2001 kuhusu kutawaliwa na jeshi, karibu wote walisema ni jambo zuri. Jibu la namna hiyo halipatikani hata katika nchi zilizoshangilia mapinduzi barabarani. Watu wakikubaliana karibu wote kuhusu jambo linalowagawa watu kila mahali, tafsiri ndiyo ya kwanza kushukiwa.

"Baridi sana" ya Makete na ya Dar

Muulize mkazi wa Dar es Salaam kama jana kulikuwa na baridi, atasema sana, kipimajoto kikisoma nyuzi 20. Muulize mkazi wa Makete, kule milimani Njombe, siku ya nyuzi 12, atasema kidogo. Ukiandika jedwali kwa majibu yao, Dar ni baridi kuliko Makete.

Ndivyo "sana", "kwa kiasi fulani" na "kidogo tu" zinavyofanya kazi kwenye dodoso. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walilinganisha China na Mexico kuhusu uwezo wa mwananchi kusikika serikalini. Wachina walijipa alama za juu kuliko Wamexico, wakati Wamexico walikuwa wametoka kukiondoa kwa kura, mwaka 2000, chama kilichotawala kwa miongo saba. Kisha wahojiwa walisomewa visa vifupi vya watu wa kubuni, kuanzia asiye na sauti kabisa hadi mwenye nayo tele, wakaombwa wawape alama hizo hizo. Wachina wengi walimpa hata yule asiye na sauti kabisa alama ya juu kuliko waliyojipa wenyewe. Ngazi zilipowekwa sawa, Mexico ilipanda juu ya China. Njia hii ni nzuri, ila inakula dakika nyingi, ndiyo maana huikuti mara nyingi.

Nani anauliza, na nani anasikiliza

Utafiti halali huanza na vibali vya tume ya sayansi na teknolojia ya nchi: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, kisha barua kwa ofisi ya mkoa, wilaya, hadi kwa mtendaji. Hakuna kijiji utakachoingia bila hilo, na ni sawa. Lakini mwanakijiji anamwona kijana mwenye kishikwambi akitoka ofisi ya mtendaji, na dakika kumi baadaye kijana huyo anamuuliza anamwamini rais kiasi gani. Afrobarometer hufunga mahojiano kwa swali: unadhani ni nani ametutuma? Wengi hujibu serikali, hata baada ya kuelezwa mwanzoni kwamba sivyo. Mchambuzi makini hutenganisha majibu ya kundi hili na ya wengine aone yanatofautiana wapi. Mhoji pia huandika kama kulikuwa na watu wengine wakisikiliza, na kama mhojiwa aliwauliza wengine kabla ya kujibu.

Adabu nayo inapotosha. Mgeni hapingwi. Ukimsomea mtu kauli moja na kumuuliza kama anakubali, wapo watakaokubali kwa heshima tu, kisha watakubali pia kauli iliyo kinyume chake. Ndiyo sababu ya maswali ya jozi: kauli ya kwanza inasema jeshi lisiingilie kamwe siasa, ya pili inasema ni halali viongozi wakitumia madaraka vibaya, chagua moja. Hapa huwezi kuwaridhisha wote.

Kabila la mhoji linaweza kuhamisha majibu pia. Uchambuzi wa data za Afrobarometer za nchi 14 uliona watu wanajibu tofauti wakihojiwa na mtu asiye wa kabila lao. Na kalenda ina nguvu yake: uchambuzi mwingine, wa wahojiwa zaidi ya 35,000 katika nchi 10, ulikuta kwamba kila mwezi unaoikaribia siku ya uchaguzi wa rais wenye ushindani, uwezekano wa mtu kujitambulisha kwanza kwa kabila unapanda kwa pointi 1.8. Nchi iliyohojiwa mwezi mmoja kabla ya kura na nyingine iliyohojiwa katikati ya muhula hazilinganishiki kirahisi. Tarehe ya mahojiano huandikwa kwenye kila ripoti. Isome.

Kwa mambo ya aibu au ya hatari kuna hila nzuri inayoitwa jaribio la orodha. Nusu ya wahojiwa wanapewa mambo manne na kuulizwa mangapi wameyafanya, bila kusema yapi. Nusu nyingine wanapewa manne hayo hayo pamoja na la tano, tuseme kupokea pesa ya mgombea. Kundi la kwanza likiwa na wastani wa 1.8 na la pili 2.1, tofauti ya 0.3 inaonyesha 30 katika 100 walipokea. Hakuna aliyekiri lolote.

Wastani wa Waafrika ni wa nani

Ripoti ikisema "asilimia 53 ya Waafrika", usidhani Waafrika wote wamewekwa kwenye chungu kimoja. Katika wastani wa Afrobarometer kila nchi ina uzito sawa: Mauritius yenye watu milioni moja na ushee inahesabiwa sawa na Nigeria yenye zaidi ya milioni 200. Si udanganyifu, ni uamuzi, na umeandikwa wazi. Lakini maana yake ni "wastani wa nchi 39". Nchi ambazo hazikuhojiwa, mara nyingi zenye vita au serikali isiyotaka maswali, hazimo.

Ramani za rangi zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2013 ramani ya ubaguzi wa rangi duniani, iliyochorwa kwa data za World Values Survey, ilisambaa sana. Bangladesh na Hong Kong zilionekana miongoni mwa zenye ubaguzi mkubwa zaidi, zaidi ya 70 katika 100 wakisemekana hawataki jirani wa rangi nyingine. Baadaye ikagundulika namba zinazosimama badala ya majibu "ametaja" na "hakutaja" ziligeuzwa. Takwimu sahihi ilikuwa chini ya 30. Kosa lilikuwa la uingizaji wa data, likayapaka rangi nyekundu maeneo mawili.

Kisha kuna zile ngazi za nani wa kwanza na nani wa mwisho. Nchi mbili zenye sampuli za 1,200, moja ikiwa na 54 na nyingine 51: kila moja ina ukingo wake wa pointi 3, na ukiziweka pamoja ukingo wa tofauti yao unafika pointi 4 hivi. Tofauti ya 3 haitoshi kusema nani yuko juu. Vivyo hivyo kwa mkoa ndani ya nchi: mkoa uliopata watu 80 una ukingo wa pointi 11, na kichwa cha habari "Mkoa fulani waongoza kwa rushwa" hakina miguu. Angalia pia asilimia na pointi za asilimia: kutoka 20 hadi 30 ni kupanda kwa pointi 10, lakini ni ongezeko la asilimia 50. Mwandishi mwenye nia yake atachagua kubwa.

Na wale wawili waliopoza chai? Wajumlishe: 66 wanaokataa jeshi kutawala na 53 wanaolikubali likiingilia ni 119. Watu ni 100. Kwa hiyo angalau 19 katika kila 100 wamesema yote mawili kwa mkupuo mmoja: jeshi lisitutawale, ila viongozi wakizidi, liwaondoe. Idadi kamili inaweza kuwa kubwa zaidi. Data za Afrobarometer ziko wazi kwenye tovuti yao, bure, pamoja na dodoso lenyewe na zana ya kuzipanga, na ukipishanisha maswali hayo mawili kwa nchi moja moja utawaona watu hao ni wangapi, wako mjini au kijijini, wana umri gani, na wanaiamini tume yao ya uchaguzi kiasi gani.